Tukigawa Wilaya, Deni Linabaki kwa Nani? Somo Kutoka Memphis

Kila panapozuka mjadala wa kuligawa eneo la utawala, hoja inayotangulia ni ya ukubwa. Eneo ni kubwa mno, mkurugenzi hafikiki, mzazi mwenye lalamiko kuhusu shule ya mwanawe anapoteza siku nzima kufuata ofisi na kurudi mikono mitupu. Suluhisho linalotolewa ni moja: tugawe, tusogeze huduma karibu na wananchi. Ni hoja nzuri, na mara nyingi ni ya kweli. Ila historia inaonyesha kwamba hoja hiyo hiyo inaweza kubebwa na watu wenye nia zinazopingana kabisa, na kwamba wanaoitoa wakati mwingine hawazungumzii ukubwa hata kidogo.

Katika makala haya ninaomba msomaji anifuate hadi Memphis, jiji lililo kando ya mto Mississippi katika jimbo la Tennessee, Marekani. Nimelichagua kwa sababu moja. Kati ya Desemba 2010 na Agosti 2014, muda usiofika miaka minne, wilaya mbili za shule za eneo hilo ziliunganishwa kuwa moja, kisha hiyo moja ikagawanyika kuwa saba. Ni nadra mwanahistoria kupata jaribio kamili namna hiyo, lenye kuunganisha na kugawa, watu wakiwa wale wale na shule zikiwa zile zile.

Mpaka wa shule ni mpaka wa fedha

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Marekani haina wizara inayoendesha shule za nchi nzima. Katiba yake haitaji elimu. Jukumu hilo ni la majimbo, nayo majimbo yamelikabidhi kwa wilaya za shule, ambazo leo ni zaidi ya 13,000. Wilaya ya shule si wilaya kama tunavyoijua sisi. Ni chombo cha pekee chenye bodi yake, ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wananchi, chenye msimamizi mkuu wake, walimu wake, majengo yake na bajeti yake. Sehemu kubwa ya bajeti hiyo hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya eneo husika.

Hapo ndipo penye tofauti na kwetu Tanzania. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali aliyeko Kigoma na mwenzake aliyeko Kinondoni hulipwa mshahara na Hazina moja. Kule, mwalimu hulipwa na wilaya yake, na wilaya yenye nyumba za thamani hukusanya zaidi hata ikitoza viwango vya chini. Kwa hiyo mstari unaochorwa kati ya wilaya mbili unaamua mambo mengi zaidi ya ofisi ya kupeleka barua. Unaamua kodi ya nani itamsomesha mtoto wa nani.

Uamuzi wa mahakama ulioupa mstari huo nguvu ulikuja mara mbili mfululizo. Mwaka 1973, katika shauri lililofunguliwa na wazazi wa eneo maskini la San Antonio, Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba tofauti za fedha kati ya wilaya hazivunji Katiba ya nchi. Mwaka uliofuata, katika shauri la Milliken dhidi ya Bradley, mahakama hiyo iliamua, tena kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba wilaya 53 za pembezoni mwa Detroit haziwezi kulazimishwa kushiriki katika mpango wa kuondoa ubaguzi katika shule za jiji hilo, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wilaya hizo zenyewe zilisababisha ubaguzi huo. Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali. Huyu ndiye mwanasheria aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, na baadaye akawa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo. Alionya kwamba njia hiyo ingeigawa miji mikubwa ya Marekani katika sehemu mbili, moja ya weupe na moja ya weusi.

Maana ya hukumu hizo mbili kwa mzazi mwenye uwezo ilikuwa dhahiri. Ukivuka mpaka wa wilaya, umevuka pia mpaka wa wajibu.

Jiji na kaunti

Memphis ilikuwa imeanza safari hiyo mapema. Mnamo Oktoba 1961 watoto 13 weusi wa darasa la kwanza waliingia katika shule nne zilizokuwa za weupe peke yao. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa mjini humo, alipokwenda kuwaunga mkono wafanyakazi wa usafi waliokuwa wamegoma. Mwaka 1973 mahakama ilipoamuru wanafunzi wasafirishwe kwa mabasi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ili kuchanganya shule, maelfu ya familia za weupe ziliwaondoa watoto wao. Wengine waliwapeleka katika shule binafsi, nyingi zikiwa za makanisa; wengine, kadiri miaka ilivyokwenda, walihamia nje ya jiji.

Matokeo yake, kufikia mwaka 2010, ndani ya kaunti moja ya Shelby zilikuwapo wilaya mbili za shule. Ya jiji la Memphis ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000, wengi mno wakiwa weusi na wengi wao kutoka familia maskini. Ya kaunti, iliyohudumia miji midogo ya pembezoni kama Germantown, Collierville na Bartlett, ilikuwa na wanafunzi wapatao 47,000, wenye mchanganyiko zaidi wa rangi na hali bora zaidi ya kipato.

Hata hivyo, kulikuwa na kamba moja iliyoziunganisha wilaya hizi mbili. Kwa sheria za Tennessee, kodi ya elimu iliyokusanywa na kaunti iligawanywa kwa wilaya zote zilizomo kulingana na idadi ya wanafunzi. Nyumba ya kifahari ya Germantown ilichangia, kwa njia hiyo, madawati ya mtoto wa kusini mwa Memphis. Juu ya hiyo, mkazi wa jiji alitozwa pia kodi ya jiji kwa ajili ya shule za jiji, na mzigo huo ulikuwa umeanza kulalamikiwa. Mwaka 2008 baraza la jiji lilikata mchango wake kwa shule kwa dola milioni 57; bodi ya shule ikaenda mahakamani, na mahakama ikaamua kwamba jiji lilipe.

Halafu ukaja uchaguzi wa Novemba 2010. Chama cha Republican kiliimarika sana katika jimbo hilo, na viongozi wa shule za kaunti wakafufua azma yao ya zamani: kuifanya wilaya yao kuwa wilaya maalumu, yenye mipaka ya kudumu na uwezo wa kujitoza kodi yenyewe. Waliokuwa mjini wakaisoma azma hiyo kwa hofu. Ikiwa pembezoni patakuwa na mfuko wake, ile kamba ya kodi ya kaunti itashikwa na nani?

Bodi iliyojivunja

Hatua iliyofuata ni miongoni mwa mambo ya ajabu katika historia ya utawala wa elimu. Usiku wa tarehe 20 Desemba 2010, bodi ya shule za jiji la Memphis ilipiga kura, watano dhidi ya wanne, kuisalimisha hati yake ya kuanzishwa. Kwa lugha nyepesi, ilipiga kura ijivunje yenyewe. Hesabu yao ilikuwa ya kisheria: wilaya ya jiji ikitoweka, watoto wote wa kaunti wanakuwa jukumu la kaunti, na hapo hapatakuwa tena na mfuko wa kujitenga nao.

Wanne waliopinga hawakuwa wapumbavu, na msomaji asiwapuuze. Memphis ilikuwa na bodi ambamo weusi walikuwa na sauti kubwa, sauti iliyopatikana baada ya miaka mingi ya mapambano. Kuivunja ili kuingia katika chombo kipya, na kutegemea kwamba wengine watakubali kuketi nawe, lilikuwa jambo la hatari. Hoja yao inatukumbusha kwamba hata kuunganisha kuna gharama yake.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 8 Machi 2011, na takriban theluthi mbili ya wapiga kura wa jiji waliridhia. Wakazi wa pembezoni hawakupiga kura. Walilalamika kwamba mustakabali wa shule zao umeamuliwa bila wao, na katika hilo walikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini bunge la jimbo lilikuwa limeshatangulia. Mwezi mmoja kabla ya kura hiyo, Februari 2011, lilipitisha sheria iliyoahirisha muungano hadi mwaka wa masomo wa 2013, na ndani yake kukawekwa mlango: muungano ukishakamilika, miji midogo ya kaunti ya Shelby ingeruhusiwa kuanzisha wilaya zake za shule, jambo lililokuwa limepigwa marufuku katika jimbo hilo. Muungano, kwa maneno mengine, ulizaliwa ukiwa na tarehe ya talaka.

Kilichofuata ni mvutano wa mahakamani. Agosti 2011 jaji wa Mahakama ya Shirikisho, Hardy Mays, alithibitisha muungano na ratiba yake. Tume ya watu 21 ikaundwa kupanga namna ya kuunganisha mishahara, mabasi, mitaala na ofisi. Mwaka 2012 miji sita ilipiga kura kuondoka. Novemba mwaka huo jaji akazibatilisha kura hizo, kwa kuwa sheria iliyoziruhusu ilitungwa kwa ajili ya kaunti moja tu, kinyume cha katiba ya jimbo. Bunge halikukata tamaa. Mwaka 2013 lilipitisha sheria nyingine, safari hii kwa jimbo zima. Tarehe 1 Julai 2013 wilaya moja iliyounganishwa ikaanza rasmi. Wiki mbili baadaye, miji sita ikapiga kura tena na kwa wingi mkubwa ikaamua kuondoka. Wakazi wa Memphis, safari hii, ndio ambao hawakuulizwa.

Agosti 2014 wilaya mpya sita zilifungua milango: Arlington, Bartlett, Collierville, Germantown, Lakeland na Millington. Muungano uliopangwa kwa miaka miwili na ushee ulidumu mwaka mmoja wa masomo.

Hoja ya ukubwa ikipimwa

Waliojitenga walisema wilaya yenye wanafunzi wapatao 150,000 ni kubwa kupita kiasi, kwamba mzazi anapotea ndani yake, na kwamba mji unaozifahamu shule zake utazisimamia vizuri zaidi. Sina sababu ya kudai kwamba wazazi hao walidanganya. Wengi wao bila shaka waliamini walichokisema, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi kubwa anajua wanachokizungumzia.

Lakini hoja hiyo ipimwe. Kama tatizo lilikuwa ukubwa, wilaya ya jiji ilikuwa na wanafunzi zaidi ya laki moja kwa miaka mingi, na mzazi wa Memphis alikuwa amepotea ndani yake muda wote huo. Sheria ya kugawa ilikuja pale tu mpaka kati ya mzazi huyo na jirani yake wa pembezoni ulipofutwa. Vilevile, kama lengo lilikuwa kupata kipimo sahihi cha ukubwa, ni vigumu kuieleza Lakeland, iliyoanza kama wilaya kamili, yenye bodi na msimamizi wake, ikiwa na shule moja tu ya msingi, huku wanafunzi wake wakubwa wakienda kusoma Arlington.

Kisha kulikuwa na swali la deni. Shule za kaunti na za jiji zilikuwa zimeahidi huduma za matibabu kwa walimu wake wastaafu, na ahadi hizo zilikuwa zimefikia deni lililozidi dola bilioni moja. Wastaafu hao walikuwa wamewafundisha watoto wa pande zote mbili. Baada ya mazungumzo, miji iliyojitenga ilipewa majengo ya shule na kukubali kulipa kwa awamu kwa miaka 12, fedha hizo zikielekezwa kwenye deni hilo. Malipo hayo yalikuwa sehemu ndogo sana ya deni zima. Lililobaki lilibaki na wilaya kubwa, pamoja na majengo yaliyochakaa, madarasa yaliyokuwa yakipungua wanafunzi, na uamuzi mchungu wa kufunga shule kadhaa.

Upande wa pili wa hoja

Ningekuwa ninamdanganya msomaji kama ningeishia hapo, kana kwamba kugawa daima ni hila ya wenye nacho. New York mwaka 1968 inasema vinginevyo. Huko, wazazi weusi na wa asili ya Puerto Rico ndio waliodai wilaya kubwa igawanywe. Walikuwa na bodi moja ya jiji zima, yenye wanafunzi wapatao milioni moja, na waliona kwamba makao makuu hayawasikii. Wakapewa wilaya tatu za majaribio, mojawapo ikiwa Ocean Hill-Brownsville katika Brooklyn. Mei 1968 bodi yake iliamua kuwaondoa walimu na wasimamizi 19. Chama cha walimu, chini ya Albert Shanker, kiligoma, na kufikia Novemba shule za jiji zilikuwa zimevurugika kwa wiki nyingi. Mgogoro huo uliacha jeraha kati ya jamii za weusi na Wayahudi wa jiji hilo, kwa kuwa walimu wengi walikuwa Wayahudi.

Sheria ya mwaka 1969 ikaligawa jiji katika wilaya ndogo zaidi ya 30 zenye bodi za kuchaguliwa. Tofauti yake na Memphis ni kwamba mfuko ulibaki mmoja. Mtaa maskini haukuachwa na kodi yake mwenyewe. Hata hivyo bodi hizo hazikugeuka pepo: waliojitokeza kuzipigia kura walikuwa wachache mno, na baadhi yake zilichafuliwa na upendeleo katika kutoa ajira. Mwaka 2002 madaraka yakarudishwa kwa meya. Kwa hiyo ukaribu peke yake hauleti uwajibikaji, ila ule wa New York, pamoja na kasoro zake, haukumnyang'anya mtu mkate.

Mfano wa tatu nautaja kwa ufupi kwa ajili ya jambo moja. Katika jimbo la Utah, wilaya ya shule ya Jordan, iliyokuwa kubwa kuliko zote jimboni humo, iligawanywa kwa kura ya Novemba 2007. Sheria iliwaruhusu wakazi wa upande uliotaka kujitenga kupiga kura. Wakazi wa upande wa magharibi, uliokuwa ukikua haraka na uliohitaji kujengewa shule mpya, hawakupiga kura. Walikwenda mahakamani na wakashindwa. Wilaya mpya ya Canyons ilianza Julai 2009, na wale wa magharibi wakaachiwa kazi ya kujenga kwa mfuko uliopungua.

Maswali ya kubeba mfukoni

Turudi nyumbani. Sisi pia tumekuwa tukigawa. Dar es Salaam iligawanywa kuwa manispaa tatu mwaka 2000. Ubungo na Kigamboni zikaongezwa mwaka 2016. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Siandiki kwa nia ya kuilinganisha Ilala na Germantown. Mishahara yetu inatoka Hazina, na historia yetu ya makazi ni nyingine. Lakini mapato ya ndani ya halmashauri hayatoki Hazina, na halmashauri yenye Kariakoo ndani yake haiwezi kufanana na isiyo na soko la maana. Madarasa, madawati na vyoo vya shule vinavyojengwa kwa mapato hayo hufuata mpaka. Na kadiri tunavyosisitiza halmashauri zijitegemee, ndivyo mpaka unavyozidi kuwa na maana ya fedha.

Kwa hiyo, kwa mtumishi wa umma anayeandaa andiko la kugawa, kwa mwanaharakati anayelipinga au kuliunga mkono, na kwa mwanafunzi anayelisoma, napendekeza maswali matatu yatangulie swali la ukubwa.

Mosi, mfuko unagawanywaje? Andiko linaloeleza umbali wa kilomita na idadi ya watu bila jedwali la mapato ya kila upande kabla na baada ya mgawanyo halijakamilika. Pili, nani anaulizwa? Memphis ilipiga kura bila pembezoni, pembezoni wakapiga kura bila Memphis, na Utah ikawauliza wanaoondoka tu. Katika kila kisa waliobaki walikuwa na haki ya kusikilizwa sawa na waliotoka. Tatu, deni linabaki kwa nani? Nusu ya mali ya taasisi ya umma ni majengo na magari, na hiyo hugawanywa kwa shangwe. Nusu nyingine ni ahadi kwa wastaafu, wakandarasi na watoto wasio na pa kwenda. Hiyo haina anayeigombania.

Nihitimishe kwa jambo moja lililotokea baada ya Agosti 2014. Shule tatu zenye jina la Germantown, zikiwa katikati ya mji wa Germantown, hazikwenda kwa wilaya mpya ya mji huo. Zilibaki mali ya wilaya kubwa, kwa sababu wanafunzi wake wengi walikuwa wakiishi nje ya mji. Kwa miaka minane watoto waliingia kila asubuhi katika mji ambao shule zake rasmi hazikuwa zao, wakaketi katika madarasa yenye jina la mji huo. Mwaka 2022 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kulazimisha shule hizo zikabidhiwe, na makubaliano yakafuata, yakiwa na mpango wa kuwajengea wanafunzi hao shule nyingine mahali pengine. Katika nyaraka zote za mgogoro huu, hao ndio ambao ukubwa wa wilaya haukuwahi kuwa lalamiko lao. Walihitaji shule, nayo walikuwa nayo.